Jiwe ni letu, mlango ni wa nani?

Kilima cheusi kilicho karibu na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, hapa Lubumbashi, si kilima cha Mungu. Ni mavi ya shaba. Tanuri liliwashwa 1911, na kila kilichobaki baada ya shaba kukamuliwa kilimwagwa pale kikiwa moto, kikapoa, kikagandamana na kilichotangulia. Waliomwaga walitaka shaba tu. Kobalti, zinki na gerimani zilikwenda na takataka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabaki hayo yakaanza kuyeyushwa upya, na mchanganyiko wa metali uliopatikana ukapelekwa Kokkola, Finland, kusafishwa. Kisha Oktoba 2024 STL, kampuni ya Gécamines inayoshughulikia kilima hicho, ikasafirisha shehena ya kwanza ya konsantre, yaani unga uliokolezwa, ya gerimani. Aliyeipokea ni Umicore ya Ubelgiji. Na Umicore ni nani? Ni Union Minière, kampuni ileile ya Kibelgiji iliyowasha tanuri lile, iliyobadili jina 2001. Ukoo uliotupa ndio unaopokea kilichotupwa, safari hii kwa malipo.

Kwa nini sasa, baada ya miaka zaidi ya mia? Gerimani hutumika katika nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti, lenzi za kuonea gizani na paneli za jua za setilaiti, na muuzaji mkuu duniani ni China. Agosti 2023 China ikaanza kudai vibali kwa kila shehena inayotoka. Desemba 2024 ikaizuilia Marekani kabisa, kisha Novemba 2025 ikaisimamisha marufuku hiyo kwa muda. Kilima chetu hakikusogea hata sentimita moja. Kilichosogea ni bawaba ya mlango ulioko Beijing, na thamani ya mavi ya shaba ya Lubumbashi ikapanda.

Ndiyo maana mabishano ya kila siku, kama Wachina ni wabaya kuliko Wamarekani au Wamarekani kuliko Wabelgiji, hayatufikishi mbali. Swali lenye faida ni dogo zaidi: katika kila biashara, mlango uko wapi, nani ameshika ufunguo, na mwenzake atahitaji muda gani kutoboa ukuta?

Mizani ya Hirschman

Aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Albert Hirschman, mwanauchumi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Mwaka 1945 alichapisha uchunguzi wa biashara ya Ujerumani na nchi ndogo za kusini-mashariki mwa Ulaya katika miaka ya 1930. Mfano wake bora ni Bulgaria. Kufikia mwisho wa miaka hiyo zaidi ya nusu ya bidhaa ilizouza nje zilikwenda Ujerumani. Kwa Ujerumani, bidhaa hizohizo zilikuwa sehemu ndogo sana ya manunuzi yake. Ujerumani ikiacha kununua, wakulima wa Bulgaria wanalala njaa. Bulgaria ikiacha kuuza, Berlin inabadilisha muuzaji.

Bei nzuri haikuondoa hatari hiyo, iliiongeza. Ujerumani ililipa vizuri, tena makusudi, kwa sababu muuzaji aliyezoea bei nzuri hujenga maghala yake, mashamba yake na hata siasa zake kumwelekea mnunuzi huyo. Ndani ya nchi linazaliwa kundi la watu ambao riziki yao ni urafiki na dola hilo. Hakuna haja ya kutuma jeshi.

Kwa hiyo ukitaka kupima ushawishi wa dola lolote hapa Katanga, usianze na ukubwa wa mkopo. Pima mambo mawili: sisi tunahitaji muda gani kumpata mnunuzi mwingine, na yeye anahitaji muda gani kumpata muuzaji mwingine. Mwenye muda mfupi ndiye mwenye nguvu. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu hapa ni kalenda.

Reli: nani alijenga mdomo upande gani

Reli ilifika Élisabethville, jina la mji huu wakati huo, mwaka 1910, ikitokea kusini kupitia Rhodesia. Makaa ya koki ya tanuri yalitoka Wankie, leo Hwange nchini Zimbabwe. Ardhi ilikuwa ya Mbelgiji, lakini tanuri lilipumua kwa mapafu ya Mwingereza. Wabelgiji waliiona hatari hiyo mapema, wakajibu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni reli ya kampuni ya BCK hadi Port-Francqui, leo Ilebo, iliyokamilika 1928. Shaba ilipanda treni hadi Ilebo, ikashuka, ikapanda meli kwenye mto Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, ikashuka, ikapanda treni tena hadi Matadi. Kupakia na kupakua mara zote hizo ni gharama tupu. Hata hivyo njia hiyo iliendelea kutumika kwa miongo mingi kwa sababu ilikuwa ndani ya himaya moja. Mtu akiitazama kama mhasibu ataona wazimu. Akiitazama kama dola ataona bima.

Njia ya pili ni lugha, na hapa nitoke nje ya reli kidogo. Vibarua wengi wa mwanzo walitoka nchi za Waingereza, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, leo Zambia na Malawi. Baadaye uandikishaji uligeuzwa kuelekea Maniema, Kasai na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikasukumwa mbele kama lugha ya kazi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian ameonyesha jinsi kukwepa ushawishi wa Waingereza kulivyokuwa sehemu ya hesabu hiyo. Kiswahili cha Lubumbashi ninachokiandika hapa ni chetu kwa haki zote, lakini kilipewa msukumo na ushindani wa madola mawili juu ya nani ashike mlango wa shaba.

Mlango mfupi zaidi wa kufikia bahari, wa Lobito, bandari ya Angola, ulitobolewa na Mskochi Robert Williams. Alipewa kibali na Ureno 1902, reli ikafika mpakani 1929, ikaunganishwa na ya kwetu 1931. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga. Ghafla shaba ya Zaire, jina la Kongo wakati huo, ikabaki na Njia ya Taifa, yaani ile ya Ilebo, mzunguko wa Tanganyika hadi Dar es Salaam, na njia ya kusini, ambako bandari zilikuwa mikononi mwa Afrika Kusini ya makaburu. Mobutu aliyehutubia juu ya ukombozi wa Afrika alilazimika kuwalipa makaburu nauli. Ukitafuta mfano wa Hirschman kwa Kiswahili, ndio huo.

Zambia nayo ilikuwa imebanwa vivyo hivyo na Rhodesia ya Ian Smith. Benki ya Dunia ilikuwa imeukataa mradi wa reli ya kwenda Dar es Salaam, China ikaukubali: kilomita 1,860, mkopo usio na riba wa yuani milioni 988, kazi kuanzia 1970 hadi 1975. China ya wakati ule ilikuwa maskini. Haikutafuta shaba, ilitafuta marafiki wa kuipigia kura Umoja wa Mataifa, ambako iliipata nafasi yake Oktoba 1971 kwa msaada mkubwa wa kura za Afrika. Reli moja, na malipo yaliyokuja kwa sarafu nyingine kabisa.

Sasa tazama ramani ya leo. Upande wa Angola, reli ya Benguela ilijengwa upya na kampuni za Kichina kwa takriban dola bilioni 1.8, ikakamilika 2014. Mwaka 2023 uendeshaji wake ukakabidhiwa kwa miaka 30 kwa ushirika wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, na Marekani ikaingia na mkopo wa dola milioni 553. Vyuma vimetandikwa na Wachina, treni zinaendeshwa na Wazungu, kwa makuta (pesa) ya Wamarekani. Mashariki, Septemba 2025 kampuni ya Kichina CCECC ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuifufua TAZARA, ile reli ya Zambia hadi Dar es Salaam, kwa dola bilioni 1.4. Kila dola linakarabati mdomo wake wa chupa ileile.

Kwa msomaji wa hapa, habari njema imejificha katika kipimo kimoja: upana wa reli. Benguela, SNCC (reli ya taifa ya Kongo), Zambia na TAZARA zote zinatumia milimita 1,067. Behewa moja linaweza, kwa kanuni, kutoka Lobito hadi Dar es Salaam bila kubadilishwa magurudumu. Afrika Mashariki mpya, Mombasa na ile reli ya umeme ya Tanzania, wametandika milimita 1,435, na hapo behewa letu halipiti. Tukishika midomo miwili yenye upana mmoja, tunaweza kumwambia wa magharibi kuwa wa mashariki ametupa nauli nafuu, na kinyume chake. Huo ndio uhuru wa biashara unaohesabika.

Lakini kuna kiungo kibovu, nacho kiko kwetu. Kutoka Dilolo mpakani hadi Kolwezi ni kilomita 400 na kitu, reli ya zamani iliyochoka. Reli iliyochoka inaharibu biashara kwa njia tatu zinazofuatana. Uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli hupunguzwa, hivyo behewa la kubeba tani 60 linabeba pungufu. Mwendo hushushwa, hivyo injini na mabehewa yaleyale yanafanya safari chache kwa mwezi. Treni ikianguka mahali pamoja, njia yote husimama kwa sababu ni reli moja. Mnunuzi wa kathodi, zile bamba za shaba safi, hulipia pia siku ambazo fedha yake imelala njiani, kwa hiyo kuchelewa ni riba. Ndiyo maana, pamoja na hotuba zote kuhusu Lobito, shaba nyingi bado inaondoka kwa malori, makamio yetu, kupitia Kasumbalesa mpakani na Zambia, ikipanga foleni. Angola wametimiza upande wao. Kilomita 400 hizo zikikaa kama zilivyo, ufunguo wa Lobito utakuwa mzuri mkononi na mlango utakuwa haufunguki.

Swichi iliyoko kilomita 1,700 kutoka hapa

Kama reli ni mlango unaoonekana, umeme ni mlango usioonekana. Laini ya Inga–Shaba ilianza kujengwa 1973 na kampuni ya Kimarekani Morrison-Knudsen, ikakamilika 1982: kilomita kama 1,700 kutoka maporomoko ya Inga hadi Kolwezi, mkondo mnyoofu, kilovolti 500 juu na 500 chini ya sifuri.

Mkondo mnyoofu una sababu yake ya kifundi. Katika umbali mrefu namna hiyo hupoteza umeme kidogo kuliko mkondo geu, na unahitaji waya mbili badala ya tatu. Bei yake iko kwenye ncha: lazima kuwe na kituo cha kugeuza umeme Inga na kingine Kolwezi. Katikati huwezi kuchota. Transfoma ya kawaida haifanyi kazi kwenye mkondo mnyoofu, na kituo cha kugeuza ni ghali mno kwa kijiji au hata mji mdogo. Basi nguzo zikavuka Bandundu na Kasai juu ya vichwa vya watu wanaopika kwa makala, bila kuwaachia hata taa moja. Wanaolaumu ubaya wa mtu fulani kwa hilo wanakosea nusu. Lilikuwa limeshaamuliwa kwenye mchoro, siku ile walipochagua aina ya mkondo.

Katanga haikuwa gizani kabla ya hapo. Kulikuwa na mabwawa ya umeme: Mwadingusha tangu 1930, Koni 1950, Nzilo 1952 na Nseke 1956, yote yamejengwa kulisha viwanda vya hapa. Mto Lualaba ulikuwa na nafasi ya mabwawa mengine. Kwa nini basi kuvuta umeme kutoka ncha nyingine ya nchi? Kumbuka Katanga ilijitenga 11 Julai 1960 na kurudishwa Januari 1963. Jimbo ambalo umeme wake unawashwa na kuzimwa Inga haliwezi kujitenga kwa urahisi. Nadharia zinazozungumza juu ya madola makubwa husahau kuwa kila serikali kuu nayo ni dola kubwa kwa majimbo yake.

Na bili? Mkopo ulichukuliwa wakati shaba iko juu. Aprili 1974 ratili moja ya shaba ilikuwa karibu dola 1.40, kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya senti 60. Katika somo la uchumi, Raúl Prebisch na Hans Singer waliandika mwaka 1950 kwamba bei ya malighafi hushuka polepole ikilinganishwa na bei ya mashine. Kwa shaba naona kilichotuua kilikuwa mruko zaidi ya mteremko. Bei inapanda, benki zinakuja na kalamu. Bei inaanguka, deni linabaki palepale. Zaire iliingia kwenye mazungumzo ya madeni 1976, na nchi haikutoka katika mzigo huo hadi Julai 2010, iliposamehewa dola bilioni 12.3.

Ajabu ni hii: bwawa jipya la Busanga, megawati 240, hatimaye limejengwa palepale kwenye Lualaba. Aliyelijenga ni Sicomines, yaani Wachina na Gécamines, kwa ajili ya mgodi wao.

Jinsi ya kusoma mkataba wa jiwe kwa barabara

Sicomines imeandikwa sana, na nyingi ya maandiko hayo ni kelele. Tuuchukue kama fundi anavyofungua injini.

Mpango wenyewe, miundombinu kwa malipo ya madini, si uchawi wa Kichina. Februari 1978 Japani ilisaini na China mkataba wa muda mrefu: Japani ilete mitambo na teknolojia, China ilipe kwa mafuta na makaa ya mawe. China ilikaa upande tunaokaa sisi leo. Ilitumia mitambo ile kujifunza kutengeneza mitambo, ndiyo tofauti, na tofauti hiyo haikuandikwa kwenye mkataba. Ilitoka kwa wahandisi waliowekwa kando ya Wajapani, viwanda vilivyolazimishwa kununua vipuri vya ndani, na serikali iliyojua inataka nini.

Kwetu, mwaka 2008 kulitangazwa dola bilioni 9: 6 za barabara, hospitali na kadhalika, 3 za mgodi. Shirika la Fedha la Kimataifa likapinga, kwa sababu serikali ilikuwa imedhamini mkopo wa mgodi, na nchi inayoomba msamaha wa deni haiwezi kufungua deni jipya kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2009 sehemu ya miundombinu ikakatwa hadi bilioni 3. Hisa zikawa 68 kwa mia kwa Wachina, 32 kwa Gécamines. Februari 2023 Inspekta Mkuu wa Fedha akatoa ripoti: katika bilioni 3 za miundombinu, zilizotumika ni milioni 822. Machi 2024 mkataba ukarekebishwa: hadi bilioni 7 za miundombinu kufikia 2040, kwa kiwango cha dola milioni 324 kwa mwaka.

Hapo watu wengi huacha kusoma. Endelea mstari mmoja. Milioni 324 zinatoka iwapo bei ya shaba iko juu ya dola 8,000 kwa tani. Maana yake barabara ya Lubumbashi imefungwa kamba kwenye kengele ya soko la metali la London. Shaba ikishuka, mgodi unaendelea kuchimba na tani zinaendelea kutoka, lakini barabara inapungua. Hatari ya bei, ileile ya 1974, imebaki begani kwetu.

Ukipata mkataba wowote wa namna hii, wa Mchina au wa Mmarekani, tafuta kwanza ukurasa wa misamaha ya kodi kabla ya ukurasa wa ahadi. Ahadi hutangazwa kwenye redio, msamaha hautangazwi. Ili ujue unapoteza nini, jifunze hesabu ya lori moja. Tuchukue tani 30 za kathodi na bei ya dola 9,000 ili hesabu iwe nyepesi. Thamani ni dola 270,000. Mrabaha wa shaba katika Kanuni ya Madini ya 2018 ni asilimia 3.5, yaani dola 9,450. Nusu, dola 4,725, inakwenda serikali kuu. Robo, 2,362.50, inakwenda jimboni. Asilimia 15, yaani 1,417.50, inakwenda kwa mji, sekta au utemi ambako mgodi upo. Asilimia 10 iliyobaki, 945, inakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Mgodi ukisamehewa mrabaha, kila lori linalopita limeacha dola 1,417 na nusu za utemi njiani. Hesabu malori kwa siku moja barabarani Likasi, utakuwa umesoma mkataba kuliko wabunge wengi.

Kisha angalia nani anamuuzia nani. Kampuni ya Kimarekani Freeport iliuza sehemu yake ya mgodi wa Tenke Fungurume, asilimia 56, kwa CMOC ya China mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65. Wamarekani hawakufukuzwa, walikuwa na madeni, wakauza, na Washington haikunyanyua simu. Leo Washington hiyohiyo inatuma mabalozi kutafuta kobalti. Mgodi ukiwa wa kampuni yenye kiwanda cha kusafishia au ofisi ya biashara nje ya nchi, bidhaa inauzwa kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto. Haidroksidi ya kobalti, ule unga wenye unyevunyevu unaopakiwa kwenye magunia makubwa ya tani moja, huwa na kobalti kama asilimia 30 ukikauka. Mnunuzi halipi bei kamili ya metali bali asilimia fulani ya bei hiyo. Asilimia hiyo, pamoja na kipimo cha unyevu na cha maabara, ndipo fedha inapopotea kimyakimya. Sampuli ikichukuliwa juu ya gunia tu, au unyevu ukiandikwa zaidi ya ulivyo, hakuna aliyeiba kitu chochote cha kuonekana.

Kufunga mlango na kuvunja ukuta

Kobalti ndiyo sehemu pekee ambapo mizani ya Hirschman inatuinamia. Mwaka 2024 Kongo ilitoa kama tani 220,000, robo tatu ya dunia. Bei ilikuwa imeanguka kwa sababu tulimwaga kupita kiasi. Tarehe 22 Februari 2025 serikali, kupitia ARECOMS, mamlaka yake ya kusimamia soko la madini ya kimkakati, ikasimamisha usafirishaji. Oktoba 16 ikaingia kwenye mgao: tani 18,125 hadi mwisho wa mwaka, kisha 96,600 kwa mwaka 2026 na 2027. Ukigawa, kila mwezi ni tani 7,250 za wachimbaji, na tani 9,600 kwa mwaka zinabaki mkononi mwa mamlaka yenyewe. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka huo.

Mgala muue na haki yake mpe: hatua hiyo ilifanya kazi. Lakini Katanga imewahi kuona filamu hii. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, na kobalti iliyokuwa chini ya dola 10 kwa ratili ikafika zaidi ya 40 sokoni. Watengenezaji wa spika na mota wakahamia sumaku za feriti zisizo na kobalti, na wengi hawakurudi. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ni somo kali zaidi. Madini yake ya urani yalifikia asilimia 65, wakati ya Marekani yalikuwa chini ya moja. Edgar Sengier wa Union Minière alikuwa ameshahifadhi kama tani 1,200 kwenye ghala la Staten Island, New York, tangu 1940, na 1942 akaziuzia jeshi la Marekani. Hakuna mlango uliowahi kuwa mwembamba kama ule. Ndani ya miaka 15 Marekani ilikuwa imelipa watu kutafuta urani Kanada, Afrika Kusini na jangwani kwake yenyewe, na kufikia 1960 mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa.

Leo ukuta unaovunjwa ni betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata gramu. Karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani tayari ni za aina hiyo, na China ndiyo bingwa wake. Kwa hiyo mgao una muda wake. Bei ikikaa juu sana kwa miaka mingi, wateja wataondoka mmojammoja. Ikikaa chini sana, tunamwaga bure. Kazi ya ARECOMS inafanana na ya mama anayechochea moto wa bukari, ugali wetu: mkali mno sufuria inaungua, mdogo mno unga haushiki.

Wengi hutaja Indonesia hapo, iliyopiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi Januari 2020 na viwanda vikaja. Mfano ni mzuri, ila haufanani na sisi kikamilifu. Madini ya nikeli ni mazito na yenye metali kidogo, hivyo kuyasafirisha ghafi ni hasara, na Indonesia ina makaa ya mawe na bahari mlangoni. Sisi, kwa sehemu kubwa, tunatoa kathodi, shaba iliyokwisha kuwa safi asilimia 99.99. Kiwanda cha waya hakifuati kathodi. Kinafuata umeme usiokatika na mteja aliye karibu. Walt Rostow aliyeandika 1960 kwamba nchi hupaa kama ndege baada ya kukimbia vya kutosha hakueleza nini kinatokea umeme ukikatika katikati ya njia ya kurukia.

Kinachonipa matumaini zaidi ni kitu kisicho na sherehe: asidi. Tanuri jipya la mgodi wa Kamoa-Kakula, la tani 500,000 za shaba kwa mwaka, linatoa pia hadi tani 700,000 za asidi ya sulfuriki, kwa sababu salfa iliyomo kwenye madini lazima iende mahali. Migodi ya shaba ya oksidi, hapo hapo Kolwezi, ambayo huhitaji asidi kuyeyusha madini yake, hununua asidi hiyohiyo, au huleta salfa kutoka nje na kuichoma ili kuitengeneza. Takataka ya mmoja ni malighafi ya jirani, bila kuvuka mpaka wowote. Hirschman, yuleyule wa Bulgaria, aliita hivyo viungo vya mbele na vya nyuma, na aliamini maendeleo hukua kwa viungo kuliko kwa mipango mikubwa.

Ndiyo maana ukifika stesheni ya Kolwezi, usihesabu mabehewa yanayotoka. Tazama yanayorudi. Treni za Lobito zikipanda na kathodi hurudi, kwa sehemu, na salfa. Kadiri asidi ya hapa inavyoongezeka, salfa itapungua, na mabehewa hayo yatatafuta mzigo mwingine wa kurudi nao au yarudi matupu na nauli ya kathodi ipande. Mzigo huo wa kurudi utakuwa nini, saruji ya mtu mwingine au mashine ya mtu wa hapa, ndilo swali ambalo halimo kwenye mkataba wowote wa miaka 30.